Nzega Siutoi

Usingizi unanichukua nikiwa nimeketi kwenye baraza ya nyumba ya watu, mchana kweupe, mdomo wazi bila shaka, mgongo nimeuegemeza kwenye mlango wa kuchonga ambao unaonekana haujafunguliwa tangu kabla sijazaliwa, na kitu cha mwisho ninachosikia kabla sijazama ni sauti ya mume wangu ikisema, pumzika mama, usijali, mimi nipo hapa. Na hiyo ndiyo shida yenyewe. Pumzika mama. Usijali. Mume wangu anaitwa Luhende, Mnyamwezi wa Nzega, mpima ardhi mstaafu, na mimi ni Mwamvua, Mzaramo wa Kisarawe, muuguzi mstaafu, na kama yupo asiyejua maana ya Mzaramo kuolewa na Mnyamwezi nitamweleza upesi kabla usingizi haujakolea: sisi ni watani. Makabila yetu yana ruhusa ya kutukanana tangu enzi za misafara, wao wapagazi kutoka bara, sisi wenyeji wa pwani. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele za watu, anaweza kukunyakulia kofia na asikurudishie mpaka uikomboe, anaweza kuja msibani kwako akaiga ulivyokuwa unatembea mpaka wafiwa wakacheka na machozi yangali mashavuni, na wewe huna haki ya kununa. Wanawake wengine walibembelezwa kwa maneno matamu. Mimi siku ya kwanza kuonana na Luhende nilikuwa namfunga bendeji mguuni, akaniambia hakuwa na habari kwamba Wazaramo siku hizi wanaruhusiwa kushika kitu kingine zaidi ya ngoma. Nikaikaza ile bendeji mpaka akaona nyota. Hapo ndipo tulipoanzia, na kwa miaka arobaini haikupita siku bila tusi.

Kisha ikaja arusi ya mwanetu Mrisho, kule Muheza, mwaka jana. Luhende, kwa furaha ya siku, akaniita mbele ya wakwe: we mtumwa wangu, leta maji, au unangoja ngoma ya mdundiko ipite uifuate? Nikamjibu kwamba maji yapo, ila Mnyamwezi huwa anapewa mzigo kwanza. Sisi tunacheka peke yetu, na wakwe, watu wa adabu zao, wameinamisha macho kwenye mkeka. Mrisho akamshika baba yake mkono, wakaenda nyuma ya nyumba. Alimwambia nini sijui. Ninachojua ni kwamba aliyekwenda nyuma ya nyumba ni mume wangu, na aliyerudi ni mgeni mwenye adabu. Tangu siku hiyo ni asante mama kwa chai, samahani mama nikupite, umeamkaje mama. Nyumba imekuwa kama ofisi ya posta. Mwanzoni nilidhani anaumwa nikampima presha. Presha nzuri kuliko yangu. Basi safari hii, tukitoka Muheza kumtazama mjukuu, nikasema tushuke Bagamoyo, tuzunguke Mji Mkongwe kidogo, binti yetu Sikitu atupitie na gari lake alasiri. Nimempangia hila. Nimemleta mahali ambapo babu zake walitua mizigo yao na babu zangu wakawapokea kwa kejeli, mahali ambapo wazee husema utani wetu ulizaliwa. Asubuhi nzima nampitisha kwenye uchochoro mmoja hadi mwingine, namwonyesha magofu na milango, na kila penye kivuli namchokoza. Hapa, Mnyamwezi, ndipo babu yako alipoketi akiuliza bahari inalimwaje. Naye anaitikia kwa kichwa, anasema, ni kweli mama, asante kwa kunieleza. Ningeweza kulia. Badala yake nimekaa kwenye baraza hii, nikasema nimechoka, na kwa mara ya kwanza katika siku hii nasema kweli.

Na sasa mlango nyuma ya mgongo wangu unafunguka. Sianguki chini, naanguka upande, polepole, kama mtu anayegeuka kitandani, na ninaposimama na kupangusa baibui langu niko kwenye mtaa uleule, ila umegeuzwa kama nguo iliyovaliwa ndani nje. Msikiti uliokuwa kushoto uko kulia. Maandishi ya dukani yanaanzia mwisho. Watu wanatembea kinyumenyume, wakikutana wanaagana kwaheri na wakiachana wanabisha hodi, na hakuna anayegongana na mwenzake, wamezoea. Baraza niliyokaa ipo, lakini juu yake hakuna mtu. Luhende, naita. Mtaa unaniitikia kwa sauti yangu mwenyewe. Natembea. Napita mlango wa bluu wenye misumari ya shaba, napita dirisha lenye kanga nyekundu iliyoanikwa, napita paka anayejilamba, halafu napita mlango wa bluu wenye misumari ya shaba, na dirisha, na kanga, na paka, ambaye safari hii ananitazama kwa huruma. Barabara ya hapa haiendi mahali. Mume wangu amepima barabara za wilaya tatu na angeona aibu kuipita.

Nasikia vikombe vikigongana, na kutoka kwenye kona ambayo haikuwepo anatokea muuza kahawa. Ana kanzu safi, ana kofia, ana dele la shaba na makaa yake chini, ana kila kitu isipokuwa uso. Mbele kisogo, nyuma kisogo. Siogopi. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nimeona ya kutosha, na tena kahawa yake inanukia vizuri. Namwamkia shikamoo, kwa sababu mtu asiye na uso huwezi kukisia umri wake na adabu haijamuua mtu. Namuuliza, baba, hukumwona Mnyamwezi mmoja mrefu, koti la kahawia, kalamu mfuko wa juu, anatembea kama anayepima kila mahali anapopita? Ananimiminia kikombe, ananipa, anasema, kitendawili. Na mimi, kwa mazoea ya utotoni, mdomo unatangulia akili, nasema, tega. Anasema, hakishukuriwi, kinakaa, kikishukuriwa, kinahama. Nafikiri. Nasema, paka. Anatikisa kisogo. Nasema, kikohozi. Anatikisa. Nasema, deni, na hapo anacheka, nao ni mchezo kuona kisogo kikicheka, mabega ndiyo yanayofanya kazi yote. Umeshindwa, anasema, nipe mji.

Sheria hiyo kila mtoto anaijua. Ukishindwa kutegua unampa mtegaji mji, anajisifia nao kidogo kwa maneno, kisha anakupa jibu, na mji unabaki palepale ulipokuwa. Kwa hiyo namwambia bila kufikiri, chukua Kilwa. Kilwa si yangu, hainiumi. Lakini huku kutoa ni kutoa. Kuta zinazunguka, mtaa unajikunjua, na tunatembea Kilwa, mimi na kikombe changu mkononi, kati ya magofu na minazi, jua lake na popo wake, na tukishapita, muuza kahawa anainama nyuma yetu, anaukunja mji wote kama mkeka, anautia kwapani. Jibu, namwambia. Jibu liko mbele, ananiambia. Kitendawili. Tega, nasema, maana mdomo huu hausikii. Kilekile: hakishukuriwi, kinakaa, kikishukuriwa, kinahama. Namtajia jipu, namtajia mvua, namtajia mgeni wa siku ya tatu. Nipe mji. Nampa Pangani. Tunapita Pangani na mto wake, anaikunja. Nampa Morogoro, milima inapita juu ya vichwa vyetu na ubaridi wake, anaikunja, na jamaa sasa amebeba mikeka mitatu kwapani na dele mkononi na haoneshi kuchoka. Nampa Muheza, kwa hasira kidogo, Mrisho atanisamehe, namwomba tu amtoe mjukuu kwanza kabla hajakunja, naye anakubali, anamweka mtoto begani kwa mama yake upande wa pili wa barabara kwa uangalifu mkubwa. Kwa hilo nampenda yule mtu.

Lakini miji ya mtu ina mwisho. Namtazama akinijazia kikombe kwa mara nyingine, nakuta mdomoni umebaki mji wangu mwenyewe. Nasema kwa sauti ndogo, Kisarawe. Na Kisarawe inakuja. Inakuja na mikorosho yake na vumbi lake jekundu, na nyumba ya mama yangu ikiwa na mlango wazi, na kwa mbali, Mungu anisamehe, mdundiko. Ngoma inashuka barabarani na wanawake nyuma yake wakiserebuka, na miguu yangu, miguu ya mwanamke mwenye pensheni na maumivu ya goti, inaondoka yenyewe. Naifuata. Natupa kikombe, nakaza kanga kiunoni, nimeshaingia kati ya watu, nimesahau nilikuwa natafuta nini. Luhende amelisema hili miaka arobaini, kwamba Mzaramo akisikia mdundiko huacha chungu kikiungua, na sikuwahi kumkubalia hata siku moja. Na kwa kumkumbuka hivyo ndipo ninasimama katikati ya ngoma, peke yangu nimesimama na dunia nzima inacheza, nasema kwa sauti, sitampa raha hiyo yule mpagazi. Narudi. Muuza kahawa ananingoja mwisho wa kijiji, kidole kwenye ncha ya mkeka. Kunja, namwambia, bila kugeuka.

Anaponyanyuka tuko uani. Ni ua mkubwa wa nyumba ya zamani, wa kupumzikia misafara, nguzo pande zote na anga katikati, na kwenye ua huo wamekaa akina Luhende. Sijui ni wangapi, nikijaribu kuwahesabu wanaongezeka. Wote makoti ya kahawia, wote kalamu mfuko wa juu, wote warefu na wameketi kwa heshima mikono magotini, na juu ya kola, kisogo mbele na kisogo nyuma. Mume wako ni mmojawapo, anasema muuza kahawa, na sasa haongei kwa mafumbo. Chagua, utoke naye. Alasiri ikiadhiniwa mlango unafungwa, na utakayekuwa umemshika mkono ndiye utakayezeeka naye, na kama si mumeo, mumeo atabaki huku. Namuuliza, na nisipochagua? Anasema, utabaki na sisi, kahawa ni bure.

Nachagua njia niijuayo. Naenda kwa wa kwanza nasema, we mpagazi, kichwa kimeota sugu kama kisigino, simama nikuone. Anasimama, anasema, karibu mama, pole na safari, nashukuru kwa kunikumbusha asili yangu. Si huyu. Kwa wa pili nasema, nyinyi ndio mlioona treni ya kwanza mkaiwekea majani ya kula. Anasema, ni kweli, mama, tulikosea. Wa tatu ananiletea mto wa kukalia. Wa nne ananiuliza nimelalaje. Nazunguka ua mzima nikitukana, natoa matusi niliyorithi kwa bibi yangu na mengine natunga palepale, mengine mazuri sana, yananisikitisha kwa kukosa mtu wa kuyajibu, na kila ninapopita wananishukuru. Asante mama. Asante sana mama. Ubarikiwe mama. Ua mzima unavuma kwa shukrani.

Kisha mmoja, karibu na nguzo ya pembeni, hanishukuru. Anasema, Mwamvua, nakupenda. Sitadanganya, nakaa. Mwanamke yeyote wa umri wangu angekaa. Luhende hajalisema neno hilo tangu nimjue, na huyu analisema kwa sauti ileile, nzito, ya kukwaruza kidogo, anauchukua mguu wangu unaouma anaukandakanda, anasema, nimekupenda siku zote, umenitunza, umenizalia, wewe ndiwe nuru yangu. Machozi yananitoka. Nasema moyoni, Mwamvua, umri umekwenda, chukua huyu, nenda nyumbani ukapate maneno matamu na miguu ya kukandwa, nani atakulaumu? Na mkono wangu nimeshaunyoosha. Lakini namkumbuka yule wa nyumbani. Mwaka nilipougua taifodi, nikalazwa wodini kulekule nilikokuwa nikiuguza wenzangu, alikaa ukingoni mwa kitanda changu usiku na mchana akinitukana. Ukifa, mtumwa wangu, aliniambia, nitakuja kwenye matanga yako niwaonyeshe watu unavyokoroma, na nitakoroma vizuri kuliko wewe. Sikufa. Nilikataa kufa kwa hasira. Na asubuhi homa iliposhuka nilimkuta amelala kwenye kiti, amenishika kidole gumba, na uso umevimba kwa kulia. Namtazama huyu anayenikanda mguu. Analisema neno lake tena, nakupenda, kwa sauti ileile, na naona kwamba angelisema kwa yeyote ambaye angeketi hapa. Nauvuta mguu wangu. Namwambia, asante baba, umenisaidia goti. Nainuka.

Mbali, juu ya mapaa, mtu anasafisha koo kwenye kipaza sauti cha msikiti. Muuza kahawa anakuja mbele yangu na mikeka yake. Kitendawili, anasema, na sauti yake safari hii ina huruma. Tega. Hakishukuriwi, kinakaa, kikishukuriwa, kinahama. Sijui, namwambia, nimechoka, sijui. Nipe mji. Sina mji, namwambia, umechukua yote, hata wa mama yangu. Umebaki mmoja, anasema, nauona hapo chini ya ulimi wako, nipe nikupe jibu, nikupe na mume. Na ni kweli, upo. Nzega. Niliolewa huko, nikalala wiki ya kwanza nikisikia fisi, nikafundishwa na mama mkwe kuanika viazi kwenye mwamba. Nafungua mdomo. Naufunga. Namwambia, Nzega siutoi. Si wangu. Mwenyewe yuko hapa ndani na sijui yuko wapi, lakini ni wake. Ni mji wa vumbi, baba, wanakata viazi vitamu, wanaanika mpaka vinakuwa magome ya mti, wanaviita michembe na kukukaribisha kama ni pilau, na nimekula michembe hiyo nimepoteza jino. Lakini siutoi. Kunja mengine yote, nikunje na mimi. Nzega siutoi.

Halafu, kutoka mwisho kabisa wa ua, nyuma ya wote, mtu anakohoa. Jino lile, anasema, lilikuwa limeoza tangu Kisarawe kwa kutafuna miwa njiani ukifuata ngoma, usiisingizie michembe yangu. Akina Luhende wote wanageuza visogo. Miguu yangu imeshaanza kwenda. Nasema, nani huyo anaongea, na nani amemruhusu, aliyetua mzigo akasahau kutua masikio? Ni mimi Mnyamwezi, anasema, na wewe nani aliyekupa nauli ya kufika mpaka huku, Wazaramo mnafika wapi msiposhikwa mkono? Na ninaposogea naona sikio. Kweli, limetokea, sikio lake kubwa la kushoto. Namtukania babu yake, na pua inatokea. Ananitukania bibi yangu, na mdomo unatokea, umepinda upande kama unavyopinda anapojizuia kucheka. Ananiita mtumwa wangu. Namwita punda asiye na tandiko. Macho, nyusi, kovu la kidevuni, yote yanarudi mahali pake moja moja, mpaka amesimama mbele yangu Luhende mzima, na visogo vyote uani vinapiga makofi.

Mbona ulinyamaza, namuuliza, na sasa nalia wazi. Anatazama chini. Anasema, Mrisho aliniambia, baba, umewahi kumuuliza mama kama anaumia? Amezoea kuvumilia, ndiyo kazi yake, huenda miaka yote hii anaumia na wewe unacheka. Sikulala siku ile, Mwamvua. Nilitaka kukuuliza na nikaogopa jibu. Kwa hiyo nikawa naomba radhi polepole, kwa chai na chai. Namtazama mzee huyu aliyejiadhibu mwaka mzima kwa kunishukuru. Nasema, Mnyamwezi, umepima nchi nzima na hujui kupima mkeo? Nikifa na hukunitukana, nani atakayejua kwamba nilikuwa na mwenyewe? Na hapo ndipo kitendawili kinaponiteguka kinywani chenyewe, namgeukia muuza kahawa, namwambia, utani. Ukiushukuru unahama. Anainamisha kisogo kwa heshima, anaiweka mikeka chini, anaikunjua mmoja baada ya mwingine, Kilwa, Pangani, Morogoro, Muheza, na Kisarawe ngoma yake ikiwa bado haijafika mwisho wa barabara. Adhana inapaa. Luhende, badala ya kunishika mkono kama mtu mwenye akili, anainama, ananivua kandambili ya kushoto, anakimbia nayo kuelekea mlangoni na miguu yake mirefu. Komboa, anasema akikimbia. Namfuata nikichechemea, nacheka mpaka sioni njia, kizingiti kinakuja, najikwaa.

Nafumbua macho. Mgongo umekakamaa kwenye mlango wa kuchonga, ambao umefungwa. Adhana ya alasiri inaishia. Mbele yangu amesimama mtu mrefu, jua liko nyuma yake, na uso wake siuoni, ni giza tupu juu ya kola ya koti la kahawia. Anasema, umeamka mama? Sikitu amepiga simu, gari linatungoja mwisho wa mtaa. Kwa upole. Kwa adabu. Nasema kimoyomoyo, basi, nimetoka na mmoja wa wale wa uani. Nateremsha miguu nitafute viatu. Kandambili ya kulia ipo. Ya kushoto haipo. Natazama chini ya baraza, nyuma yangu, barabarani. Namwuliza, kiatu changu? Anasema, mimi sijui habari za kiatu, mama, nimekaa hapa kwa utulivu wangu. Anasogea kidogo kwenye kivuli. Kwenye mfuko wa koti, karibu na kalamu, imechomoza soli ya kandambili. Ila nimesikia, anaendelea, kwamba Wazaramo huvua viatu ngomani wakasahau walipoviacha. Na nimesikia mengine pia. Kuna mwanamke amelala hapa mchana kutwa akimtukana mumewe usingizini, punda, mpagazi, magome ya mti, kwa sauti, wapita njia wakasimama, mmoja akamletea mumewe kahawa kwa kumwonea huruma. Nikasema, Mrisho alikosea, mtu anayevumilia hatukani hivyo. Huyu ana njaa ya utani.

Mdomo wake umepinda upande. Na kukomboa? namuuliza hatimaye. Anauokota mkoba wake, ule mzito wenye machungwa ya Muheza aliyokataa kuyaacha, anautua miguuni pangu. Kichwani, mtumwa wangu, anasema, mpaka kwenye gari. Leo Bagamoyo ione Mzaramo akimbebea Mnyamwezi. Nasokota kanga, najitwisha, naenda na kiatu kimoja katikati ya mtaa, yeye nyuma yangu akiniimbia wimbo wa wapagazi kwa sauti mbaya. Kando ya mlango wa bluu wenye misumari ya shaba vikombe vya kahawa vinagongana. Paka anajilamba. Kwenye baraza zote watu wanacheka na kutupigia makofi, nami nacheka nao, nikikaza macho mbele, siwatazami nyuso, nisije nikakuta hazipo.